Siku Nilipomtia Alama Mama Mkwe wa Magreth

Nitaandika kama ilivyokuwa bila kujipendelea, maana nikijipendelea wale waliokuwepo watanicheka mara ya pili, na ile ya kwanza ilinitosha. Hadi leo nikipita Bonga kwenye ule ukumbi wenye geti la bluu navuka barabara, natembea upande wa pili kama mtu anayekwepa mbwa, ingawa ukumbi haujawahi kunifanyia kitu, mimi ndiye niliyeufanyia.

Mimi ni fundi cherehani. Niliishia darasa la saba, ila nina daftari langu ambalo naandika kila Jumapili nikishaosha vyombo (mume wangu, Baba Paskali, anasema naandika ili nipate pa kugombana na mimi mwenyewe, na siwezi kusema amekosea). Cherehani yangu iko barazani kwa Mama Magreth pale Nangara, huu mwaka wa saba, na hajawahi kuniambia niisogeze hata siku ya mvua ya upande. Baba Paskali alipolazwa miezi miwili watoto wangu walikula kwa Mama Magreth, wakaoga kwake, wakalala kwake. Siku niliyorudi na mgonjwa nilimkuta anamsuka binti yangu, nikasimama mlangoni nikataka kusema asante, machozi yakatangulia, akaniambia, "We Mama Paskali, shika hiki kitana, usimlilie mtoto kichwani nywele zitajikunja." Basi ikaishia hapo. Asante yangu ikabaki kooni miaka yote hiyo.

Kwa hiyo Magreth, mtoto wake wa kwanza, alipochumbiwa na Lemayani, kijana wa watu wa mifugo kutoka Kiteto, nikasema sasa ndiyo nafasi yangu.

Niwaeleze kwanza kuhusu mashine. Mdogo wangu anafanya kazi Arusha kwa mama mmoja anayepamba maharusi, bosi wake akanunua mashine mpya, ile ya zamani ikaja kwangu. Ni kidude kama boksi la viatu vya mtu mrefu. Unachagua umbo kwenye simu, unalaza karatasi ya plastiki kwenye ubao wenye gundi, unaiingiza, na ndani kuna kisu kidogo kama jino la panya kinazunguka kinakata herufi, halafu wewe unakaa na sindano unabandua mabaki hadi ibaki herufi tupu. Herufi za kwanza za majina mawili zinasukwa pamoja kama matawi, moja imepita juu ya nyingine, inapendeza hata kwa asiyejua kusoma. Plastiki ziko za aina mbili, naomba mzikumbuke zote. Kuna plastiki ya nguo, ile unaibandika kwa pasi na ikishika imeshika. Halafu kuna stika ya kioo, ile ya magari na milango ya maduka, yenyewe ina gundi yake tayari kama plasta ya kidonda.

Mdogo wangu aliniletea na roli moja nzima ya plastiki ya nguo, rangi ya dhahabu. Mtu mwenye akili angeitunza. Mimi niliweka herufi ya P kwenye foronya, kwenye mapazia, kwenye soksi za watoto, kwenye kitambaa cha kufunikia redio, hadi kwenye koti la shamba la Baba Paskali, ambaye alilitazama akaniuliza, "Unaogopa nitapotea?"

Kamati ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, ilipokaa, Mama Glory, katibu wetu, alisema herufi za kwenye sare ziagizwe Arusha kwa watu waliozoea. "Mbele ya wakwe hatujaribii vitu," alisema. Nilimkasirikia sana siku ile, na leo naandika kwa mkono wangu kwamba alikuwa sahihi. Lakini Mama Magreth akasema, "Kazi ya herufi ni ya Mama Paskali. Zikidondoka zitanidondokea mimi." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Kitu ambacho kamati haikujua ni maneno aliyoniambia Mama Magreth kesho yake barazani, nikiwa natunga uzi. Wakwe walikuwa wamekuja mara mbili, na mama mzazi wa Lemayani, mama mmoja mrefu, mwembamba, amenyooka kama fimbo, alikaa akanywa chai, akajibu kila alichoulizwa, akaondoka bila kutabasamu. Mama Magreth ni mjane, binti yake alikuwa anakwenda kuishi boma moja na mama huyo, siku nzima ya safari kutoka hapa.

"Mahari wametoa, heshima wametoa," akaniambia, "lakini meno ya yule mama sijayaona. Sijui kama amempenda mtoto wangu au amemkubali tu. Kule hakuna mimi, Mama Paskali. Akimchukia nitajuaje?"

Nikamwambia siku ya sendofu wataona sisi ni watu tunaojipanga, watajua mtoto wetu ana watu.

Wanawake wa sare tulikuwa ishirini na wawili, magauni ya kitenge cha kijani, na kifuani kushoto M na L zimesukwa pamoja. Alhamisi, siku mbili kabla, nikakata herufi ya kumi na mbili, nikavuta roli, roli likanijibu kwa bomba lake tupu la kadibodi. Imeisha. Hapa ndipo palipokuwa na njia panda na mimi nikakata kona mbaya. Ningepiga simu Arusha, plastiki ingepanda basi la asubuhi na Ijumaa mchana ningekuwa nayo mkononi. Ila ningepiga simu ingebidi nimwambie mdogo wangu kwamba dhahabu yake iko kwenye soksi. Nikaona aibu. Nikachukua aibu ndogo ya simu nikaibadilisha na ile kubwa ambayo nawasimulia.

Nikaenda duka la vifaa vya shule kule sokoni, nikakuta stika ya rangi ileile kabisa. Mzee mwenye duka (nisimsingizie, nitasema alichosema) alinitazama na kitenge changu mkononi akaniambia, "Mama, hii ni ya kioo."

"Najua, mzee wangu."

"Ya kioo, siyo ya nguo."

"Najua."

Akanifungia mzigo wangu.

Nilikata herufi kumi zilizobaki, nikabandika, na ili kuridhisha roho nikapitisha pasi juu yake kwa gazeti. Zilishika! Nikavuta ncha kwa ukucha, zikakataa. Nikavaa gauni langu nikatembea hadi dukani kwa jirani na kurudi, herufi imetulia kama imezaliwa pale. Ila nilijaribu asubuhi ya baridi, mtu mmoja, anatembea taratibu, mikono kifuani. Sikujaribu kwa mwanamke anayecheza.

Halafu likaja suala la nani apewe lipi, na hapa roho yangu ya kutaka haki ndiyo iliyotumaliza. Nikawaza, nikiwapa za stika wale nisiopatana nao itakuwa dhambi, nikiwapa rafiki zangu nitakuwa nimewaonea. Nikafunga magauni kwa mafungu ya ukubwa, nikayachanganya ndani ya kila fungu, kila mmoja akachukua lake kwa bahati. Langu lilitoka la stika, nikaona haki imetendeka. Kumbe ningejua ningezipanga zote kumi mwisho wa mstari, aibu ikakaa nyuma kama mkia. Mimi niliitawanya mstari mzima.

Jumamosi mchana jua lilikuwa kali na ukumbi una bati bila dari. Wakwe walikuwa wamekaa mbele, wazee wamejifunga mashuka, kina mama wana shanga pana nyeupe shingoni, na mama yake Lemayani yuko katikati yao, shuka ya bluu, amenyooka vilevile. Sisi tunatakiwa kuingia tukicheza na zawadi kichwani, tuziweke, halafu tupite mmoja mmoja kuwakumbatia wakwe wa kike. MC alikuwa kijana wa mjini hapa, mwenye suti ya kubana na maneno mengi, akapaza sauti, "Kina mama wa Nangara, mambo?" Tukaitikia poa, mziki ukapigwa, tukaingia.

Jamani tulicheza. Wimbo mmoja ukaisha, MC akasema hajaridhika, turudi mlangoni tuingie upya, tukaingia upya na mabeseni kichwani, jasho linashuka mgongoni kama nimemwagiwa. Katikati ya mstari nikahisi kitu kinanitekenya kifuani. Nikaangalia chini. Herufi yangu ilikuwa imejikunja ncha, ule upande wa gundi umegeuka unatazama nje, kama mtu anayechungulia dirishani. Nikatazama aliye mbele yangu alipogeuka. Yake haipo. Nikainua macho kule mbele ambako kukumbatiana kumeshaanza, nikaiona. Ilikuwa begani kwa mama yake Lemayani, juu ya shuka ya bluu, inang'aa.

Kumbe gundi ya stika ikipata joto inalainika, inaachia kitenge, na ikikuta kitu kingine inakishika. Kila mwanamke mwenye stika aliyekumbatia mkwe alimwachia mkwe M na L. Shangazi mmoja wa Lemayani alikuwa nayo mgongoni. Mwingine kwenye kiwiko. Mama mwenyewe ya pili ilimkaa nyuma ya shingo, penye ngozi, na alikuwa bado hajajua. Nikamkumbuka Mama Magreth na maneno yake ya meno.

Nikaamua nitazibandua kimyakimya, zamu yangu ikifika. (Mimi na maamuzi yangu.) Nikafika mbele yake, nikasema, "Shikamoo mama," akasema, "Marahaba," nikamkumbatia, na mkono wangu wa kulia ukapanda taratibu hadi nyuma ya shingo, nikaanza kukwangua kwa ukucha. Akashtuka. Nikampapasa kama ninayembembeleza. Akajivuta nyuma, nami nikavutika naye, maana hereni zangu, zile za duara nilizoazima kwa ajili ya siku hiyo, moja ilikuwa imeingia kwenye ushanga wake na kunasa. Nikijitoa sikio linachanika, akijitoa ushanga unakatika. Tukabaki shavu kwa shavu, mama wa watu na mimi, nanuka jasho na marashi ya bei ndogo.

"Hapo sasa!" MC akapiga kelele. "Huo ndiyo upendo! Wakwe wamegandana! Dijei, waongezee!"

Mziki ukapanda, vigelegele vikapasuka, wenzangu wakatuzunguka wakicheza, kila anayepita anatugusa bega, na wa stika akigusa anaacha herufi nyingine. Mimi nasema, "Hereni, hereni," hakuna anayesikia. Yeye ameshikilia ushanga wake usikatike.

Ni Mama Glory aliyeona. Alikuja na kipini cha nywele, akanasua ile hereni kwa subira kama anayetoa mwiba, na hajanisimanga hadi leo, nami sijui kama ningekuwa yeye ningenyamaza. Tulipoachana MC naye akakaribia na kipaza sauti, akamwona vizuri mkwe wetu kwa mara ya kwanza, na ulimi ukamponyoka. "Mama, mbona una mastika?"

Dijei akazima mziki.

Yule mama akatazama bega lake. Akatazama wenzake, akaona ya mgongoni, ya kwenye kiwiko. Akapeleka mkono nyuma ya shingo akaigusa. Nikamtafuta Mama Magreth kwa macho, nikamwona amesimama karibu na meza ya keki, ameshika khanga yake kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri daktari atoke.

Nikasema, "Ni mimi, mama. Mimi ndiye niliyezitengeneza. Plastiki ya nguo iliniishia nikaweka ya kioo, nikaambiwa nikajifanya najua. Mama Magreth hana kosa, mtoto hana kosa, kamati haina kosa." Nilisema kwa sauti ya ajabu, na kipaza sauti cha MC kilikuwa karibu, kwa hiyo ukumbi mzima ulipata maungamo yangu hadi kule jikoni.

Ndipo Mama Magreth akaja. Angeweza kukaa pale pale. Alikuja akasimama bega kwa bega na mimi akamwambia mkwe wake, "Mama, huyu ni mdogo wangu. Kosa lake ni la nyumba yangu. Kama ni kulaumu, nilaumu mimi."

Mbele ya watu wote. Siku ambayo alikuwa na mengi ya kupoteza kuliko sisi wote.

Mama yake Lemayani akabandua ile ya begani, akaishika kwa vidole viwili, akaigeuzageuza. Kiswahili chake ni kifupi, hapotezi.

"Hii ni nini?"

"Ni herufi, mama," nikasema. "Hii M ni Magreth. Hii L ni Lemayani."

"Ni alama."

"Ndiyo, mama. Ni alama."

"Sisi alama tunatia ng'ombe," akasema. "Kwa moto. Analia mara moja, basi, ni wa boma hilo. Akipotea, watu wanaona alama, wanamrudisha." Akatazama mgongo wa shangazi, akatazama kiwiko cha yule mwingine. "Sasa mimi nimekuja kuchukua msichana. Nyinyi mmenitia alama mimi."

Akaigusa tena ile ya shingoni.

"Na bila moto," akasema. "Hata kulia sijalia."

Na akacheka. Alianza na mabega, halafu kichwa kikaenda nyuma, na meno yakaonekana yote, jamani, na pengo la katikati. Wenzake wakaangua naye. Akamgeukia Mama Magreth, "Basi ng'ombe wenu ana njaa. Mnalisha saa ngapi?"

"Sasa hivi!" Mama Magreth akajibu, anacheka na kulia pamoja. "Sasa hivi, mama yangu!"

Akamwita Magreth, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha bibi harusi amejiinamia. Magreth akaja akapiga magoti. Yule mama akaibandika ile alama kwenye paji la uso wake, akaikandamiza kwa kidole gumba, akasema, "Huyu hapotei." Kisha akawaita wadogo zake wasiopata, waje watiwe alama kabla hazijaisha, wakaja wanasukumana kama wasichana, wanazibandua vifuani mwetu wenyewe. Hadi chakula kinapakuliwa, wakwe walikuwa wanang'aa dhahabu na sisi wa stika tuko vifua vitupu.

Mimi nilikula nyuma ya ukumbi na wapishi, maana uso wangu ulikuwa bado haujarudi. Huko nyuma Mama Magreth alinifuata na sahani ya nyama. Nikamwambia asante. Niliisema yote safari hii, ya hereni, ya sendofu, ya miezi miwili ya hospitali, ya kitana. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umemaliza? Kula, inapoa." Lakini alikaa nami pale kwenye kreti la soda hadi nikamaliza.

Kabla hawajaondoka yule mama mkwe aliniita, akaniambia nimkatie alama moja nyingine, ya chombo. Stika ya kioo ilikuwa imebaki kipande, nikaikata Jumapili asubuhi, Magreth akaondoka nayo kwenye sanduku lake.

Juzi Magreth alipiga simu kutoka Kiteto, sisi tuko barazani hapa hapa, Mama Magreth akaweka sauti kubwa nami nisikie. Ile alama iko kwenye kopo la bati la maziwa, kopo ambalo ni la Magreth na hakuna mwingine anayeruhusiwa kulinywea, mama mkwe analijaza mwenyewe kila asubuhi. Linaoshwa kila siku kwa maji ya moto na majivu.

"Na haibanduki, mamdogo!" Magreth akaniambia. "Tumeshangaa."

Mama Magreth akanitazama, nikatazama uzi wangu. Mzee wa duka alisema ni ya kioo, siyo ya nguo; kumbe stika haikuwa mbaya, ni mahali tu pa kuibandika ndipo nilipokosea.

Nimeapa, na naapa tena hapa kwenye daftari: kazi yoyote ya mtu nitaivaa kwanza mimi, juani, na nitaichezea nyimbo mbili nzima na beseni kichwani kabla sijaikabidhi. Majirani wakiniona uani nacheza peke yangu saa saba mchana, wasiite watu. Niko kazini.